Gobori Lililokataa Kulia

Umewahi kuona mwanamke akihukumiwa kwa sababu bunduki haikulia? Mimi nimeona, na wakati huo nilikuwa sijamaliza hata kung'oa meno ya utoto.

Nilipokuwa mtoto, kwetu Mahege, nyumbani kwa Bibi mzaa baba kulikuwa na gobori limetundikwa juu ya mlango. Ni ile bunduki ya zamani ya kushindilia kwa mdomoni: unamimina baruti, unasukuma kumbi la nazi kwa mdeki, ule ufito wa kushindilia, unatia marisau, vile vipande vidogo vya risasi, unasukuma kumbi jingine, halafu unavalisha fataki chini ya nyundo na kumwomba Mungu. Babake Bibi alikwenda nalo vitani, huko kwenye milima ya Umatumbi, wakati wa Maji Maji. Yeye hakurudi. Gobori ndilo lililorudi, likafichwa ndani ya makuti mpaka Mjerumani akachoka kulitafuta. Ukoo mzima ulishika kwamba lilinyunyiziwa dawa pamoja na mwenyewe, kwa hiyo lina miiko, na mwiko mkubwa ni kwamba anayelibeba asilale na mkewe usiku wa kuamkia kazi. Akivunja, halilii.

Wanaume walikuwa wakiusimulia mwiko huu kwa sauti ya chini, macho wakiyaelekeza kwa wanawake. Mwiko ni wa mbebaji, lakini sikumbuki mbebaji hata mmoja aliyewahi kuulizwa.

Mwaka ule nguruwe walishuka bondeni mapema, mpunga ukiwa bado mchanga. Baba mdogo Seifu, aliyemfuata Baba kuzaliwa, akalitungua gobori akaenda nalo shambani, kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo tunachokaa kulinda mpunga. Asubuhi, jua limeshatoka, akashuka kumkabili dume mmoja aliyekuwa ndani ya mpunga. Mkewe, Mama mdogo Zuhura, alikuwa ndiyo kwanza anafika na uji. Aliiona nyundo ikipiga. Alisikia fataki, ta, kama kijiti kilichokanyagwa. Baada ya hapo kimya. Nguruwe akampasua mumewe paja, na hadi watu wanafika na kitanda cha kumbebea, damu ilikuwa imemwisha.

Tulimzika siku hiyohiyo. Kilio hakijapoa, Baba mkubwa Athumani, kaka yao mkubwa, akasimama barazani na hukumu mkononi.

"Gobori halikatai bure," alisema. Hakupunguza sauti, ingawa Mama mdogo alikuwa chumbani amekaa eda, pazia tu kati yao. "Huyu alimwita mumewe nyumbani usiku ule wa kuamkia kazi. Nani hajui? Hitima ikishasomwa, arudi kwao Dimani. Watoto watabaki hapa, watoto ni wetu."

Shekhe alikuwepo. Alijua kuwa mwenye eda hatolewi nyumbani hivyo, nasi tulijua kuwa anajua. Akanywa kahawa yake.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Shemeji Athumani."

"Nyamaza wewe."

"Si nimenyamaza tangu tuzike? Hilo gobori lifungueni. Kama ni mimi niliyelitia ugonjwa, mtanikuta humo ndani."

Mtu mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Baba hakuwa msemaji, lakini alikuwa na gobori lake mwenyewe na alilijua. Akalichukua lile la marehemu, akatuamuru watoto tukae nyuma yake, akauelekeza mtutu kwenye migomba. Alianza na nyundo. Akaivuta na kuiachia taratibu kwa kidole gumba, akaivuta tena. "Springi nzima," akasema. Akavalisha fataki mpya, akafyatua. Ta. Migomba haikutikisika.

"Si unaona?" alisema Baba mkubwa. "Limekataa."

"Fataki imelia, kaka. Basi moto unaishia njiani."

Akaomba sindano ya kushonea magunia, akaipitisha kwenye kitundu ambamo cheche huingia ndani ya mtutu. Ikaingia bila shida. Ilipotoka ilikuwa na tope jeusi. Baba aliinusa, akakunja uso. Akachukua mdeki wenye parafujo nchani, akauzungusha ndani ya mtutu na kuvuta. Likatoka kumbi, limelowa chapachapa, limeshikwa na punje za mtama zilizovimba. Akainamisha mtutu juu ya ungo, zikamwagika marisau, akalivuta na kumbi la pili, kisha akapigapiga kitako kwa kiganja mpaka baruti ikaanza kushuka. Haikuwa unga. Ilikuwa uji mzito, juu yake macho ya mafuta. Harufu ya mafuta ya mbarika ikajaa barazani.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Maji, mtama, mbarika: kwa watu kama sisi, ambao wazee wetu walitoka milima ile ya Umatumbi, hata mtoto wa umri wangu alijua hiyo ndiyo dawa ya vita, ile iliyosemwa itageuza risasi za Mjerumani kuwa maji.

Baadaye nilisoma chuo kikuu, nikakaa madarasani na watu wenye miwani wakijadili kwa nini maji yale yalishindwa mbele ya bunduki. Sikuwahi kunyoosha mkono. Ningewaambia nini? Kwamba ninaijua bunduki moja ambayo maji yaliiweza kabisa, na ilikuwa ya kwetu?

Baba mkubwa aliinama akauchungulia ungo. Nilidhani atatahayari.

"Kumbe ni uchawi pia!" akafoka. "Kamvunjia miiko, kisha kamtilia dawa! Haingojwi hitima. Aondoke leo!"

Nyuma ya pazia Mama mdogo alianza kulia, na mwanawe mdogo naye akalia kwa kumsikia mamaye. Wanaume walisimama. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, na nikiulizwa kama ninaamini mambo haya, huwa nakumbuka jinsi walivyosimama upesi. Walikuwa na ushahidi kwenye ungo na bado walikuwa wanamtaka yeye.

"Mwacheni mke wa mwanangu."

Ni Bibi. Alikuwa amekaa kwenye jamvi karibu na mlango, kaniki imemfunika hadi kichwani.

"Mama, wewe haya huyajui," alisema Baba mkubwa.

"Nayajua tangu kabla hujazaliwa. Baba yangu alipopigwa risasi, walisema hivihivi. Mama kamharibia dawa, ndiyo maana maji hayakumkinga. Wakamvusha mto kumrudisha kwao, mimi wakanizuia. Nilimwangalia mgongo mpaka matete yakamficha." Akavuta pumzi. "Mama alikuwa amekwisha kunifundisha kuichanganya dawa. Basi kila mwaka kabla ya msimu nalinywesha dawa lile gobori, ili anayelibeba arudi, na mkewe asisemwe."

Baba alikuwa bado ameushika mtutu.

"Mwaka huu ulilinywesha lini, Mama?" akauliza polepole.

"Seifu alipokwenda kuswali alasiri, siku ile ya kwenda shamba. Miaka yote wakati huo gobori huwa tupu." Mikono yake ilikuwa inatafuta kitu kwenye jamvi, haikioni. "Maji nilitia mimi. Sikujua Seifu keshalishindilia."