Isimba ya Mwanamke wa Miaka Hamsini

Nilirudi Shinyalu nikiwa na shahada mbili, mvi za kutosha na imani kwamba nilikuwa nikienda nyumbani. Nyumbani penyewe sikuwa nimewahi kuishi. Baba aliondoka hapo kijana, akavuka mpaka kutafuta kazi Mwanza, akanizaa huko, na hadi anafariki alikuwa akitusimulia shamba lake kana kwamba tulilipalilia jana. Tulipomzika niliacha kufundisha chuoni, nikafunga mizigo. Mume nilikuwa nimeachana naye zamani.

Mwanzoni walinicheka kwa Kiswahili changu cha Mwanza. Nikiingia jikoni kwa shangazi, ambaye huko huitwa senge, nasema, "Naomba maji, tafadhali."

"Huyu anaombanga hata maji ya kwao!" mke wa binamu yangu aliangua kicheko.

Hayo niliyameza. Shida ilianza niliposema nataka kujenga kwenye shamba la baba. Baba mdogo, aliyekuwa akililima miaka hiyo yote, aliweka kikombe chini, akaniita mukhana, yaani msichana.

"Mukhana, wewe ni msichana wetu. Tunakupendanga. Lakini hapa mtu hajengi nyumba kabla hajajenga isimba."

Isimba ni kibanda ambacho kijana wa kiume hujijengea katika boma la baba yake akishatahiriwa, alale humo mpaka aoe. Niliwahi kutoa mhadhara mzuri sana kuhusu isimba. Sikujua ningekuja kudaiwa yangu.

"Na msichana je?"

"Msichana huolewa."

"Niliolewa. Nikarudi."

"Basi rudi tena huko," akasema. Wote wakacheka, na mimi, kwa bahati mbaya, nikacheka pia.

Alidhani amefunga mlango kwa adabu. Kesho yake nikanunua miti ya mikaratusi, misumari na mabati. Kama sharti ni isimba, nitajenga isimba, kiuno kiume kisiume.

Lakini nguzo ya kwanza husimikwa na baba, au mwanamume wa ukoo kwa niaba yake. Nilipomwendea baba mdogo, mgongo ulimshika ghafla. Binamu mmoja alikumbuka ana safari ya Kabras. Mwingine alikuwa mkweli: "Dada, nikishika hiyo nguzo, mzee hataniongelesha."

Nikachimba shimo mwenyewe. Senge akaja, leso kiunoni. "Hata mimi nilizaliwa hapa," akasema, akaikumbatia nguzo huku nikishindilia udongo. Tulipoiachia, ilisimama imelala kidogo upande wa mtoni.

Baba mdogo akatokea kwenye ua, mgongo umepona. Ujana wake wote alikuwa fundi wa nyumba, na kitu kilichopinda kilimkera kuliko mila iliyovunjwa. Akaja moja kwa moja, mikono mbele.

"Ngoja niinyooshe. Hii ni aibu."

Senge akanitazama. Sote tulijua: akiishika, yeye ndiye atakuwa ameisimika. Kelele zingeisha jioni hiyo hiyo, na ningeishi hapo kama mgeni aliyeruhusiwa na mzee mwema wa hadithi. Nakiri nilitamani. Mikono yangu ilikuwa imejaa malengelenge.

"Baba mdogo, usiiguse."

"Mukhana, imepinda!"

"Naiona. Iache hivyo hivyo."

Mikono yake ikabaki hewani. Halafu akaitia mifukoni, akalalamika kwa Mungu kuhusu watu waliosoma, wala hakuondoka. Alikuwa bado amesimama pale, akitukosoa kwa sauti, nilipomkabidhi senge jembe tukaanza shimo la pili.