Hereni za Kuazimana

Juzi mama mmoja aliingia katika butiki yangu hapa Asiatique na binti yake, sikio la mtoto limevimba, linatoa maji. Nilitazama hereni mara moja tu. "Mama, hii ni nikeli, wamepaka rangi juu. Toa." Rafiki yangu, mi shule niliachia la nne, lakini mtaa huu mzima hakuna wa kunidanganya habari ya madini. Wenye diploma huja kuniuliza mimi. Dhahabu, fedha, titani, mkono wangu ukishika tu umeshajua. Aliyenifundisha ni bibi yangu, uani kwetu mtaa wa Jabe, mwanamke asiyejua hata kuandika jina lake.

Bibi alitoboa masikio ya wasichana wote wa karibu. Sindano ilichemka katika sufuria ndogo, ua ukinuka makaa, ndimu na ndagala, vile visamaki vya ziwani, za kukaanga za jirani. Ukimletea hereni za sokoni, alizisugua kwa ndimu kisha akazifunga kwa kitambaa kwapani mwake, siku tatu. Ngozi ikiwasha au ikigeuka kijani, anakurudishia. "Kwapa langu la kizee limezikataa, sikio la mutoto litazipendea nini?" Za kuning'inia hakutaka hata kuziona, zinanaswa na kitenge, kidonda kinachanika.

Vita vilipokuja, sokoni kulibaki takataka tupu. Kwapa lilikataa zote. Basi akavua zake mwenyewe, dhahabu, ndogo kama mbegu za pilipili, zikawa za kuazimana. Msichana anazivaa mpaka sikio likauke, zinachemshwa, zinapita kwa mwenzake. Dada yangu alingoja zamu yake kama mtu anayengoja sikukuu. Mbele yake alibaki mmoja tu, binti wa jirani.

Binti huyo alikuwa na siku tano tangu atobolewe na kuvishwa, asubuhi moja tukasikia risasi karibu sana. Baba yake alifunga godoro juu ya baiskeli, wakimbilie Uvira, ng'ambo ya mpaka. Mama yake akaja kwetu mbio akimvuta, vidole tayari viko kwenye sikio la mtoto.

"Mama, twaa vitu vyako, sisi tunaenda!"

"Apana! Acha! Sikio bado bichi, litaoza njiani," bibi akamwambia.

"Na tusiporudi?"

"We nenda, mwanangu."

Wakaenda. Dada alijitupa chini akalia. Na mimi, mdomo wangu tangu zamani haujui kunyamaza, nikamwambia bibi mbele ya watu: "Umegawa dhahabu yetu!" Yeye akachonga kijiti cha ufagio, akakichemsha, akamtoboa dada, kijiti kikakaa tunduni badala ya hereni.

Hawakurudi. Miaka ikapita, kila mchuuzi wa vitenge aliyetoka ng'ambo, bibi alimwita uani, akamkalisha, akampa maji. Nilisubiri adai mali yake. Yeye aliuliza neno moja tu: "Yule mutoto, sikio lilipona?" Hakuna aliyejua. Bibi akafa hajajibiwa.

Leo ninazo za dhahabu kabati zima, chini ya kioo na kufuli. Kila mtu ananunua zake, anazificha. Hata dada hamwazimi dada. Na mwanamke wa umri ambao binti yule angekuwa nao sasa akiingia kwangu, macho yangu yanaenda sikioni kabla ya uso. Natazama kama pana kovu.