Mkwe Nje ya Dirisha

Mimi ni Mhehe wa Kalenga, na Wahehe hatusifiwi kwa upole. Nilipohamia Mbeya, nikapanga chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi pale mtaa wa Soweto na kuanza kufundisha Kiingereza watu wazima, nilijua kabisa kwamba subira yangu ni ndogo. Kinachoimaliza upesi ni somo la me, him, her, us na them. Kiswahili kimetudekeza. Mtu anayetendwa tunamficha katikati ya kitenzi, "ninamwona", na hiyo "mw" haijali kama ni mwanamume au mwanamke. Mwingereza anamtoa nje, anamsimamisha peke yake baada ya kitenzi, tena anataka kujua jinsia yake. Basi wanafunzi wangu wanamtaja mama mzazi wakisema him, na hawaoni aibu yoyote.

Dawa yangu ni moja. Kila mmoja anamtazama mwenzake na kusema kwa sauti: I see him, I know her, they help us. Anayenong'ona anarudia.

Mwaka juzi alikuwepo mama mmoja kijana, Mnyakyusa, ambaye hakuwa na muda wa kupoteza. Mumewe alikuwa dereva wa hoteli moja Iringa, na hoteli hiyo ilitafuta mtu wa mapokezi. Usaili ungekuwa wa Kiingereza kitupu. Akiipata kazi, angehamia kwa mumewe. Akiikosa, angebaki Mbeya kwa wakwe, akimwona mume sikukuu hadi sikukuu. Alisoma kwa bidii iliyonifurahisha, ingawa sikumwambia.

Alasiri moja mlango ukafunguliwa, akaingia mzee mwenye koti zito na kofia mkononi. Yule mama akavuta kanga hadi usoni, akainama nyuma ya mwenzake, kisha akachomoka kwa mlango wa nyuma. Daftari akaliacha mezani. Nilikasirika. Nikauliza kama tunasoma au tunacheza kombolela.

"Ni baba mkwe wake, mwalimu," akanijibu jirani yake.

Wenyeji walinieleza. Kwa desturi ya zamani ya Wanyakyusa, mke wa mtu na baba wa mumewe hawatazamani usoni wala hawasemezani. Ni heshima. Familia nyingi za mjini zimeshaiacha. Hii ilikuwa haijaiacha. Walikaa ua mmoja, na mwanamke akisikia kikohozi cha mzee hupita upande mwingine. Mzee naye hakujua kwamba mkwe wake anasoma kwangu. Yeye alikuwa mzee wa kanisa, na kila walipokuja wageni kutoka Ulaya alikaa nao akicheka wakicheka wengine, asijue kinachochekwa. Amechoka kucheka hivyo, ndicho alichoniambia.

Nilijiandaa kumwambia mzee achague siku nyingine, ingawa siku nyingine sikuwa nayo. Mila ni mila, lakini chumba ni kimoja.

Kesho yake nilimkuta ameshaliamua mwenyewe. Alikuwa amechukua benchi, ameliweka nje chini ya dirisha, amekaa ameupa ukuta mgongo. Ilikuwa Juni, na baridi ya Juni Mbeya haina utani.

"Mzee, utaugua," nikamwambia.

"Usifunge tu dirisha, mwalimu. Yeye ana haraka. Wageni wangu mimi watakuja tu."

Mama akarudi kitini kwake, lakini akawa si yule. Akijua nani yuko nje, alizungumza kama mtu anayesali peke yake. Nilimwambia arudie, akarudia kwa sauti ileile. Siku zikapita hivyo, usaili unakaribia, na mimi niliona wazi kwamba atashindwa. Him na her alikuwa ameshazimudu, hazimpigi chenga tena, lakini nani angezisikia? Nilimfokea mbele ya wenzake. "Kule Iringa hawataweka sikio mdomoni mwako!" Akainama, machozi yakamlenga.

Ndipo sauti ikatoka dirishani, kwa upole, bila kichwa kuonekana.

"Mwalimu, samahani. Hebu mwambie asome kwa sauti. Mi' mzee, sisikii vizuri. Na mi' nimekuja kusoma."

 Wanyakyusa waliokuwemo walitazama meza zao. Mzee hakumsemesha mkwe wake, alinisemesha mimi. Desturi haikuguswa hata ukucha. Yule mama akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akasimama. "I see her. She sees me. They are waiting for us." Wenye duka nadhani walisikia. Na nje, kila alipomaliza sentensi, mzee aliirudia nyuma yake polepole, kama kwaya inavyofuata mwimbishaji.

Walisoma hivyo hadi mwisho, mmoja ndani, mmoja nje. Kazi akaipata. Nilifurahi sana, nikampigia makofi mwenyewe, jambo ambalo silifanyi.

Alipokwisha safiri nilitoka nje nikamwambia mzee baridi yake imekwisha, kiti kipo, aingie. Hakuinuka. Alikuwa ameishika kofia yake magotini, anaizungushazungusha.

"Tangu aolewe kwangu nilimjua kwa hatua zake tu, mwalimu," akasema. "Sauti yake nimeisikia hapa kwako. Nimeanza kuizoea, na ndiyo ameenda nayo."

 Nikarudi ndani kuendelea na somo, na dirisha nikaliacha wazi, maana siku ile alikataa kuingia.