Mushahara Wangu Niliugeuza Simenti

Mimi sikusoma mingi. Miaka tatu kwa mapadri, kisha baba akanitoa. Nikizunguka mbele ya kufika, munivumilie.

Mawazo haya yaliniingia siku bibi ya mwenzetu mumoja alipokuta vyombo vyake barabarani. Bwana yake alikuwa ametumika ku tanuru ya shaba tangu ujana, sasa wamemupa pansion, kazi imekwisha, na nyumba ya kampani si yako: ukiacha kazi, unatoka. Ule mwenzetu aliweka feza banki miaka mingi. Alipozitoa, zilitosha mufuko moja wa bunga na viatu, basi. Viatu vizuri, sikatai, vya rangi ya kahawia, ngozi kweli. Lakini hauwezi kulala mu kiatu.

Nikarudi kwangu, nikamwambia bibi yangu, "Mama, hatutaweka tena feza."

"Baba batoto, kwani tuliwekaka?" Akacheka mupaka akashika mulango.

Lakini yeye njo alifanya kwanza. Alichukua cherehani yake, akaipeleka mutaa wa Kampemba, inje ya kambi ya kampani, kwa fundi wa nguo mumoja muzee, Mwislamu wa Maniema, na ule muzee akaichukua, akamupa kipande cha lupango chake, kiwanja cha kujenga. Ile cherehani ilikuwa inavalisha batoto bangu bote. Basi nikasema: kuanzia leo, mushahara ukifika, jua halitashuka ungali makaratasi. Maana kila mwezi bei ilikuwa inapanda na mushahara unabaki palepale unaiangalia.

Nikanunua simenti. Mufuko moja, mbili, mupaka nane, nikazipanga chini ya kitanda. Mvua ikaja, sakafu ikatoka jasho, na siku nilivuta mufuko nikavuta jiwe. Yote nane! Sisi bantu ba kampani hatukujua simenti. Ukuta ukipasuka, kampani inatuma fundi. Bunga inakupa, samaki inakupa. Ulikuwa mutoto mwenye ndevu.

Habari ikatembea kambi yote. Jirani yangu akaniita mbele ya bantu ku mustari wa posho:

"Mukubwa! Eti uko unalalia mulima?"

Mwingine akaongeza, "Mwacheni. Siku akikufa, jiwe la kaburi iko tayari."

Niliumia, nasema kweli. Siku mbili sikula muzuri. Kisha nikakasirika, na hasira ile ikanisaidia kuliko chakula. Tukabomoa kichuguu mu lupango, tukafyatua matofali sisi wenyewe, tukayachoma. Simenti, tangu siku ile, nilinunua asubuhi ya kujenga tu. Feza ingine ikawa manjanja, yale mabati ya kufunika juu, moja moja. Bibi yangu aliyabeba ku kichwa. Kulikuwa na njia ya nyuma, lakini yeye alipita katikati ya kambi, saa sita ya mchana, bati linalia mbwa-mbwa-mbwa, na akifika kwa ule jirani anasimama kumusalimia.

Mwaka wangu wa mwisho wa kazi mushahara ulitosha janja moja, tena nyembamba. Tulimaliza vyumba viwili.

Basi mukubwa wa kambi akaja na karatasi, akaniita mwananchi kwa Kifaransa, vile serikali ilitaka.

"Sitoyen, mwisho wa mwezi unarudisha funguo."

Nikazitoa mu mufuko. "Chukua."

"Leo? Baba, hakuna muntu anakufukuza."

"Njo maana natoka leo."

Akaangalia funguo, akaangalia bibi yangu ameshafunga sufuria mu kitambaa. Akauliza kwa sauti ya chini, "Kule Kampemba lupango iko bei gani?"

Nikamwelekeza kwa ule fundi. Na sisi tukaenda. Kile chumba cha mbele kilikaa miezi saba bila mulango, tumetundika pazia tu. Upepo ulikuwa unaingia, vumbi inaingia, kuku ba jirani banaingia. Baingie! Walikuwa wanaingia kwangu.