Mzee wa Kikopo
Kila baada ya mechi, mzee anayepima wachezaji dawa za kuongeza nguvu huketi chooni mwa wachezaji, vidole vyake virefu vikizungusha kikopo kitupu. Mchezaji akikauka mkojo, humwongezea maji na kumbembeleza, "Kunywa, mwanangu. Mkojo haulazimishwi." Jana mshambuliaji nyota alikauka kabisa, kijasho chembamba kikimtoka. Mara mwenyekiti wa klabu akaingia, akafunga mlango, akanong'ona, "Mzee wangu, nitatoa mimi kwa niaba yake. Si mkojo ni mkojo tu?" Mzee aliliangalia tumbo la mwenyekiti, kisha viatu vyake vinavyong'aa. "Sawa, mheshimiwa. Leo ulicheza namba ngapi?" Mshambuliaji akaangua kicheko, na kicheko kikaleta kile ambacho maji yalishindwa kuleta. Mzee akamwahi na kikopo.