Mnazi Ulioangukia Jiko

"Si nilikwambia uite mkwezi?" mama alimfokea baba.

"Wa nini? Si umeanguka?"

"Umeanguka jikoni kwangu!"

Baba alichoshwa na nazi zilizotoboa mabati ya nyumba hii kuukuu tuliyonunua Temeke, akaukata mnazi mwenyewe. Ukalalia jiko na maharage yangu. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Ndipo akabisha hodi bibi aliyetuuzia nyumba. Alipouona mnazi alishika mlango, akatueleza kuwa pale shinani alizika kitovu cha mwanawe, yule aliyezama baharini asionekane tena. Wanaouziana nyumba huonyeshana mipaka na choo tu.

"Karibu ndani, bibi," mama alisema kwa sauti ndogo.

"Siingii, mwanangu. Kaburi hana, nilikuwa nakuja kumsalimia hapo."