Mshale Uliolala Kushoto

Dizeli isiyoungua vizuri ina harufu yake, na mimi naijua kama wengine wanavyoijua harufu ya mkate wa asubuhi. Si ile harufu nzito ya moshi mweusi wa lori lililoelemewa mlimani. Hii ni kali zaidi, inang'ang'ania kwenye koti na mapazia, na hutoka pamoja na moshi mweupe unaotambaa chini kana kwamba hauna nguvu ya kupanda. Katika majira ya baridi ya mwaka niliokuwa na miaka tisa, katikati ya miaka ya tisini, harufu hiyo iliingia kila asubuhi katika nyumba yetu ya ghorofa ya pili kule Evere, pembezoni mwa Brussels, kwa sababu baba aliwasha lori chini ya dirisha la jikoni na kulisubiri lipate joto. Halikupata joto. Aliondoka nalo likiwa baridi, amevaa kofia, glavu na shali ya mama aliyoizungusha shingoni mara tatu, na kupitia kioo alionekana kama mtu aliyekwenda kuendesha friji.

Lori lile lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa mboga, Mbelgiji, aliyemwajiri baba mwezi Septemba kupeleka viazi, vitunguu na kabichi kwenye maduka ya mjini. Kabla hatujaja Ubelgiji baba alikuwa dereva wa malori kati ya Bukavu na Uvira, barabara ya milima inayojulikana kwa kuchemsha injini na kumaliza breki. Huku Brussels alikuwa amesukuma fagio na ndoo kwa miaka mitatu katika ofisi za Umoja wa Ulaya karibu na Schuman, akipishana kwenye korido na watu ambao hawakumwona. Siku aliyorudi na ufunguo wa lori, mama alipika kuku katikati ya wiki. Kwa hiyo tulipoanza kusikia kwamba lori lina tatizo, hakuna aliyelichukua kuwa tatizo la lori tu.

Tatizo lenyewe lilikuwa mshale. Kwenye dashibodi kulikuwa na saa ya joto la injini, yenye mshale mwekundu uliopaswa kupanda mpaka katikati na kukaa hapo. Septemba ulikuwa ukipanda, ingawa kwa uvivu. Kuanzia Novemba ulilala kushoto, kwenye alama ya kwanza, hata baada ya saa nzima ya kuzunguka mjini. Baba alikipigapiga kioo chake kwa kifundo cha kidole. "Huyu amekufa," alisema, na akaendelea kuendesha, kwa kuwa injini haikuchemka, na kwake yeye injini isiyochemka ilikuwa injini nzuri.

Kisha, Ijumaa moja ya Februari, alirudi nyumbani, akaketi mezani bila kuvua koti. Bosi alikuwa amepiga hesabu za mafuta. Lori lilikunywa dizeli nyingi kuliko lilivyokunywa kwa dereva wa zamani, kwa njia zilezile na mzigo uleule. Hakumwita baba mwizi. Alisema tu kwamba mafuta hayaondoki kwenye tangi yenyewe, na kwamba Jumatatu angependa kupewa maelezo, au ufunguo. Mama aliacha kukatakata vitunguu. Baba alisema, "Miaka kumi na ine ya barabara, hakuna muntu alishaniulizaka vile."

Lazima niseme sasa jambo ambalo sikulisema kwa miaka mingi: mimi nilijiuliza kama ni kweli. Nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Nilimuuliza padri mvua ya Nuhu ilikwenda wapi ilipokauka, na mwalimu wa hesabu nani alihakikisha kwamba mita ni mita. Baba aliniita Juge, kwa Kifaransa, yaani hakimu, na alilisema kwa fahari. Lakini Januari nilikuwa nimemwona akishuka kwenye lori na dumu la kijani, akilipeleka kwenye stoo yetu chini ya jengo, na akipanda ngazi mikono mitupu. Usiku ule wa Ijumaa dumu lile lilikaa nami kitandani. Sikumchukia baba. Nilitaka tu kujua, na kutaka kujua kuhusu baba yako mwenyewe kuna aibu ambayo mtoto wa miaka tisa hajui aiweke wapi.

Jumamosi alikuja Tonton Hamisi, yaani mjomba kwa Kifaransa, rafiki wa baba, fundi wa umeme wa magari kutoka Buyenzi, Bujumbura, ambaye huku alikuwa mlinzi wa maegesho. Ilikuwa Ramadhani na alikuwa amefunga. Alizunguka lori mara moja, akacheka alipomwona baba akikipigapiga kioo cha saa.

"Nyinyi watu wa Bukavu, gari ikiwaambia kitu mnaipiga kofi."

"Na nyinyi wa Buja? Munaiombeaka dua."

"Dua haivunji kioo, Pascal."

Alieleza mpango wake. Saa ya joto haijui lolote yenyewe. Inaambiwa na kipande kidogo cha shaba kilichofungwa kwenye injini, ambacho kinaonja joto la maji na kupeleka habari kwa waya. Basi uongo ungeweza kuwa kwenye kile kipande, kwenye waya, au kwenye saa. Badala ya kubahatisha na kununua vipya, wangekitoa kile kipande kikiwa bado kimeunganishwa na waya, wakitumbukize kwenye maji ya moto, waone mshale utasema nini. Kilichohitajika kilikuwa chombo cha kushika joto. Baba akapanda juu, na sauti ya mama ikashuka kwenye ngazi kabla yake.

"Termos yangu ya wageni? Pascal! Alors, wageni wakikuya watakunywa chai ya mazout, ya dizeli?"

Ilishuka termos, yenye maua mekundu, imejaa maji yaliyotoka kuchemka. Tonton Hamisi alikishika kile kipande juu ya mdomo wa chupa, waya mmoja wa ziada ukiwa umefungwa kwenye chuma cha lori ili umeme upate njia ya kurudi. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, mikono mfukoni. Nilidhani baba angepanda kwenye kiti chake. Aliufungua mlango, akageuka.

"Juge, kuya. Panda, ikala kwa kiti yangu. Weye njo utasoma."

"Kwa nini mimi?"

"Juu miye naweza ona ile kitu ninataka kuona."

Nilipanda. Usukani ulikuwa mkubwa kuliko mikono yangu yote miwili, na kiti kilikuwa na baridi ya jiwe. Baba alizungusha ufunguo bila kuwasha injini, akashuka, akasimama mbele ya lori mahali asipoweza kuiona dashibodi. Tonton Hamisi alitumbukiza. Kwa muda mshale haukufanya kitu. Kisha ulitikisika kama mtu aliyeitwa jina lake usingizini, ukaanza kupanda: alama ya pili, katikati, ukapita katikati, ukakaribia rangi nyekundu. Nikapaza sauti kutaja kila ulipofika. Alipokitoa na kukiweka kwenye theluji chafu iliyobaki kando ya ukuta, ukashuka. Akarudia. Ukapanda tena, hadi palepale.

Wanaume wawili walitazamana juu ya termos ya mama. Kipande kilikuwa kizima, waya mzima, saa nzima. Nilisema mimi, kutoka juu kwenye kiti.

"Basi mshale hausemi uongo. Injini ni baridi kweli."

Baba alianza kunikatalia. Injini iliyotembea saa nzima haiwezi kuwa baridi. Tonton Hamisi alikuwa ameshaacha kusikiliza. Alimuuliza polepole kama termostati iko mahali pake. Hicho ni kimlango kidogo cha chuma ndani ya injini: kinayazuia maji yasiende kupozwa kwenye rejeta mpaka injini ipate joto la kutosha, ndipo kinafunguka. Baba alijibu bila kusita, kama mtu aliyeulizwa kama amevua viatu mlangoni. Alikuwa amekitoa. Jumapili ya kwanza tu baada ya kupewa lori. Kule kwao kila dereva mwenye akili alikitoa kabla ya kuupanda mlima wa Ngomo, maji yapite bila kizuizi, injini isichemke. Hakuwa ameficha kitu. Hakuwa hata amefikiri kwamba ni kitu cha kusema.

"Pascal, ndugu yangu," Tonton Hamisi alisema, akanyoosha mkono kuzunguka Evere yote, tambarare kama meza. "Nionyeshe mlima."

Alicheka mpaka akashika bampa, kisha akamwona baba usoni, akanyamaza. Baba alikuwa ameelewa yote kwa pamoja: baridi miguuni, moshi mweupe, na dizeli. Injini isiyopata joto hula mafuta bila kuyaunguza vizuri. Mwizi alikuwapo kweli, na alikuwa mkono wake mwenyewe uliozoea milima.

Mimi bado sikutosheka. Walipokuwa wakifunga vifaa, nilichukua ufunguo wa stoo, nikashuka, nikafungua dumu la kijani na kuweka pua yangu juu yake. Maji. Maji matupu ya kuongezea rejeta njiani, kama wanavyobeba madereva wa kule, katika mji wenye bomba kila kona. Nilikaa kwenye ngazi za stoo kidogo, nikapanda.

Jioni mama alitoa ushauri wake. Termostati ilikuwapo ndani ya kopo la skrubu; irudishwe Jumapili baada ya misa, na bosi aambiwe kwamba lori lilikuja bila hicho kitu. "Sema ulikuta haiko. Nani atajua?" Baba alinitazama, mimi niliyekuwa nikijifanya nachora.

"Huyu hapa anajua," alisema.

Jumatatu shule ilikuwa imefungwa kwa likizo ya karnavali, nikaenda naye. Mshale ulikuwa umesimama katikati na miguu yangu ilikuwa na joto. Ghalani kwa bosi, baba alivua kofia na kusema kwa Kifaransa chake cha taratibu kwamba ni yeye aliyeitoa termostati, kwa nini aliitoa, na kwamba alikosea. Bosi alimuuliza nani alimruhusu. "Hakuna mtu." Bosi akasema atajaza tangi yeye mwenyewe na kupima kwa wiki mbili. Alipima. Hakuomba radhi, wala hakumnyang'anya ufunguo, na baba aliliendesha lori lile miaka sita mingine.

Malori ya sasa yanaandika joto kwa tarakimu, na likitokea kosa kompyuta ndiyo inayoulizwa. Nami nimesoma chuo kikuu, ambako walinifundisha kwa majina marefu kile nilichofanyiwa siku ile: kwamba anayetaka jibu fulani asiachiwe kusoma kipimo peke yake. Sijamwona profesa aliyempa kiti chake mtu anayemshuku. Mwaka jana, tukinywa chai, nilimwambia baba kuhusu dumu la kijani na kuhusu ile Ijumaa. Nilitegemea aumie.

"Nilijuaka," alisema. "Ulikuwa unanitazama vile polisi wa mpaka anatazamaka. Njo maana nilikuweka kwa kiti yangu."

Nikamwongezea sukari ambayo hakuiomba. Mwezi uliofuata nilimaliza ripoti ya utafiti wangu wa kwanza, na kulikuwa na watu wawili ambao wangeweza kuipitia: rafiki yangu, na mwenzangu mmoja ofisini anayenipinga kwa kila kitu. Nilimpa rafiki yangu. Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nilikwenda kuichukua mezani kwake kabla hajaifungua, nikampa yule anayenipinga, nikamvutia kiti changu.